Mpira Umesimama, Sasa ni wa Nani? Mwongozo kwa Refa wa Mashinani

Mbuzi akikatiza uwanjani Maungu, hakuna mchezaji aliyekosea. Mpira haujatoka, hakuna aliyeangushwa wala aliyenawa, na bado itakubidi upulize kipenga kwa sababu beki amemkwepa mbuzi na mpira ukampita. Kupuliza si kazi. Kila mtu amemwona mbuzi. Kazi ni swali linalofuata, na ndilo huleta vurugu: mchezo unaanza tena vipi, kutoka wapi, na mpira ni wa nani?

Mwongozo huu ni wako wewe unayechezesha mechi za mtaa na za wadi, Maungu, Voi, hadi kule chini ya mlima Kasigau. Mara nyingi uko peke yako, na vibendera umewakabidhi vijana wawili waliojitolea, mmoja kutoka kila timu. Sheria zako ni zilezile za Kombe la Dunia, zinazotungwa na IFAB, bodi iliyoanza kazi mwaka 1886. Kilicho tofauti ni mazingira: udongo mwekundu, miiba ya migunga, jua la nyika ya Tsavo, honi za malori kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, na watazamaji wanaosimama juu ya mstari, au pale ambapo mstari ungekuwa kama chokaa ingepatikana.

Amua kabla ya kupuliza

Marefa wengi wa mashinani hupuliza kwanza, kisha ndipo huanza kutafuta jibu. Kufikia hapo wachezaji wanane wameshawazunguka, na jibu hutoka kwa mwenye sauti kubwa. Geuza utaratibu huo. Kipenga kikiwa karibu na mdomo, piga picha kichwani: mpira uko wapi, unaelekea kwa nani, nani ameugusa mwisho. Sekunde moja yatosha. Ukishapuliza, onyesha upande kwa mkono ulionyooka na useme kwa sauti, "Kijani, hapa." Mchezaji aliyesikia jibu mapema hana la kubishia sana, atalalamika, ndiyo, lakini atalalamika akirudi nyuma.

Jibu lenyewe hupatikana kwa maswali mawili. La kwanza: je, mpira mzima ulikuwa umevuka mstari, ardhini au hewani? Kama ndiyo, hakuna la kufikiria. Ni kurusha, kona, mpira wa goli, au mpira wa katikati kama ni bao. La pili: je, kuna aliyetenda kosa wakati mpira ukiwa mchezoni? Kama ndiyo, ni frikiki au penalti, hata kama kilichokufanya upulize ni mchezaji aliyelala chini akishika goti. Majibu yote mawili yakiwa hapana, imebaki njia moja tu, nayo ni kudondosha mpira.

Mpira wa kudondosha

Hapa ndipo marefa wengi wa mashinani wamebaki nyuma, na wazee walio pembeni ya uwanja wamebaki nyuma zaidi. Zamani refa alisimama katikati ya wachezaji wawili, mmoja kila timu, akauachia mpira nao wakaugombania. Mara nyingi aliyepata ni mwenye buti kubwa, na aliyekosa aliondoka akichechemea. Ili kuepuka hayo, timu zilizoea ustaarabu: upande mmoja haugombanii, na mwingine unawarudishia wenzao mpira.

Ustaarabu huo uliporomoka mbele ya dunia nzima tarehe 20 Novemba 2012, katika mechi ya Ligi ya Mabingwa Ulaya kati ya Shakhtar Donetsk na Nordsjælland ya Denmark. Mchezo ulikuwa umesimamishwa kwa ajili ya majeruhi. Mpira ukadondoshwa, Willian wa Shakhtar akaupiga mbele kumrudishia kipa wa Nordsjælland, na mwenzake Luiz Adriano akaufukuzia, akampita kipa, akafunga. Refa alilikubali bao hilo kwa sababu sheria haikumpa njia ya kulikataa. UEFA baadaye ilimfungia Luiz Adriano mechi moja, lakini bao lilibaki bao.

Tangu Juni 2019 hakuna tena kugombania. Refa mwenyewe ndiye anayempa mpira mchezaji mmoja, na wengine wote, wa timu zote mbili, wanakaa angalau mita 4 kutoka hapo hadi mpira uwe mchezoni. Ikiwa mpira ulikuwa ndani ya kisanduku ulipopuliza, unamdondoshea kipa wa timu inayolinda, humo kisandukuni, hata kama washambuliaji ndio waliokuwa nao. Washambuliaji watapiga kelele. Waache wapige, kumdondoshea mshambuliaji mpira mita sita kutoka golini kungekuwa kumpa bao la bure.

Nje ya kisanduku kuna badiliko jipya, lililoanza na sheria za msimu wa 2025/26. Kuanzia 2019 mpira ulipewa timu iliyougusa mwisho. Sasa unapewa timu iliyokuwa nao, au ambayo ingeupata, ikiwa jambo hilo liko wazi kwako. Tuseme kiungo wa bluu amejaribu kuzuia pasi, mpira umemgusa ncha ya kiatu, nao unaendelea moja kwa moja kwa winga wa kijani aliyesimama peke yake. Mbwa anaingia, unapuliza. Kwa sheria ya zamani mpira ungekuwa wa bluu, na kila mtu angeona umeonea. Sasa ni wa kijani. Lakini kama mpira ulikuwa hewani na watu watatu wanauwania, usijifanye nabii. Rudi kwa aliyegusa mwisho, na uudondoshe pale ulipokuwa wakati wa kipenga.

Namna ya kudondosha nayo ina ufundi wake. Chora alama kwa kisigino cha kiatu. Udongo wetu mwekundu unapokea mstari vizuri kuliko povu la marefa wa runingani. Mwite mchezaji mmoja kwa jina au namba ya jezi. Wasukume wengine nyuma hatua nne kubwa, kisha ushikilie mpira usawa wa kiuno na uuachie, bila kuurusha juu wala kuudundisha. Unakuwa mchezoni pindi tu unapogusa ardhi. Akiupiga kabla haujagusa ardhi, rudia. Ukidunda kwenye jiwe na kutoka nje bila kuguswa na mtu, rudia pia. Na mpinzani anayekaidi kukaa mita 4 anastahili kadi ya njano, kama vile anayekaidi umbali wa frikiki.

Jambo jingine litakalokuletea mlolongo wa maswali baada ya mechi: bao la moja kwa moja halipo hapa. Mpira wa kudondosha ukiingia golini kabla haujaguswa na wachezaji wawili angalau, hakuna bao. Mchezaji uliyemdondoshea anaruhusiwa kuukokota, kuugusa mara tano, kuwapiga chenga watu wote, lakini kama hakuna mwingine aliyeugusa na akafunga, unatoa mpira wa goli kwa wapinzani. Akijifunga mwenyewe, ni kona.

Ya Maungu na viwanja kama Maungu

Mnyama akiingia, usikimbilie kupuliza. Sheria inasema usimamishe mchezo endapo tu ameuingilia. Mbuzi anayekula majani karibu na kibendera cha kona wakati mchezo uko upande wa pili ni mtazamaji kama wengine. Kisa kigumu ni mpira unaoelekea golini. Ukimgusa mbuzi kisha ukaingia, na mbuzi hakumzuia beki wala kipa kuucheza, ni bao. Ukimgusa mbuzi ukasimama mstarini, si bao. Ni kumdondoshea kipa. Naona sheria hii ina ukatili kidogo kwa mshambuliaji, lakini ndiyo sheria, na usiipambe kwa huruma zako. Tembo ni habari nyingine. Katika kaunti ambayo tembo huvuka kati ya Tsavo Mashariki na Magharibi hadi mashambani mwa watu, toa watu uwanjani, waite maafisa wa wanyamapori, na mechi isipoendelea itarudiwa, isipokuwa kanuni za mashindano zimesema vingine.

Mtu akiingia, jiulize ni nani. Shabiki aliyekimbia kukumbatia mfungaji kabla ya wakati, mtoto aliyefuata nzi, mwanasiasa anayevuka kwenda jukwaani: hao ni watu wa nje. Wakiingilia mchezo, unadondosha. Lakini mchezaji wa akiba, au kocha, ni mtu wa timu. Akiingia na kuuzuia mpira au kumsumbua mchezaji, adhabu ni frikiki ya moja kwa moja, na ikiwa ni ndani ya kisanduku cha timu yake, ni penalti. Hii ndiyo sababu unapaswa kudai orodha ya majina kabla ya mechi, hata kwenye kombe la mtaa ambalo zawadi ni jezi na mpira mmoja. Bila orodha hutajua kama yule bwana mwenye kofia ni kocha msaidizi au ni mjomba wa mtu.

Kipenga cha shabiki ni ugonjwa wa mechi zetu. Mtu amekaa chini ya mti na kipenga cha shilingi hamsini, anapuliza, na beki anaudaka mpira kwa mikono akidhani ni wewe. Usitoe penalti. Ukiona kipenga hicho kimeuvuruga mchezo, simamisha na udondoshe. Honi ya lori haihesabiwi.

Mpira nao hupasuka, na kwetu hupasuka sana, maana mwiba wa mgunga hauna mchezo. Ukipasuka au ukaanza kupungua upepo ukiwa mchezoni, simamisha, leta mwingine, na udondoshe. Ukipasuka wakati wa kupiga frikiki, kona, penalti, mpira wa goli au wa kurusha, pigo hilo linarudiwa. Ukipasuka ukiwa tayari umetoka nje, huna la kudondosha: mpira mpya unaingia kwa njia ileile, kurusha au kona. Kagua mpira wa pili kabla ya mechi. Duara lake liwe sentimita 68 hadi 70 na uzito gramu 410 hadi 450. Na kama huna mizani, angalau hakikisha si mpira wa netiboli.

Mwamba wa goli ukianguka, na miamba ya mbao huanguka, mchezo unasimama hadi utengenezwe, kisha unadondosha. Usikubali wafunge kamba kati ya milingoti miwili. Sheria inakataza kamba waziwazi, na usipopatikana mwamba mechi inavunjwa.

Halafu kuna wewe mwenyewe. Refa wa peke yake hukimbia katikati ya mchezo na mpira humgonga. Zamani uliendelea tu. Tangu 2019 unasimamisha na kudondosha katika hali tatu: mpira umekugusa na timu nyingine ndiyo imeuchukua, umekugusa na timu imepata nafasi ya kushambulia kutokana na hilo, au umekugusa na kuingia golini moja kwa moja. Nje ya hizo, endelea kukimbia.

Majeruhi na maji

Jeraha la kichwa, mfupa au kifua halisubiri. Puliza hapo hapo. Jeraha dogo hungoja mpira utoke. Mchezaji aliyetibiwa uwanjani lazima atoke na arudi kwa ruhusa yako baada ya mchezo kuanza. Wasiolazimika kutoka ni wachache: kipa, kipa na mchezaji waliogongana, wachezaji wawili wa timu moja waliogongana, mwenye jeraha baya, atakayepiga penalti, na aliyechezewa rafu iliyomletea mpinzani kadi, mradi matibabu ni ya haraka. Anayevuja damu hutoka hata akiapa kwamba hasikii uchungu.

Timu ikiutoa mpira nje makusudi ili mwenzao atibiwe, wapinzani hurusha na kuwarudishia. Hiyo ni heshima. Sheria haimlazimishi mtu. Tarehe 13 Februari 1999, kwenye Kombe la FA, Nwankwo Kanu wa Arsenal aliufukuzia mpira uliokuwa ukirudishwa kwa Sheffield United, akampasia Marc Overmars akafunga. Refa hakuwa na kosa la kupuliza. Kocha Arsène Wenger mwenyewe ndiye aliyejitolea mechi irudiwe, na Arsenal wakashinda tena 2-1. Ukikutana na hali hiyo, usilifute bao kwa sababu umati umekasirika. Ongea na manahodha, na uamuzi wa ungwana uwe wao.

Kuhusu joto: mechi ya alasiri huku inahitaji kituo cha maji. Sheria inaruhusu kisichozidi dakika moja kwa kunywa, au sekunde 90 hadi dakika tatu kwa kupoza mwili, na muda huo unauongeza mwishoni. Usiupulizie mpira ukiwa mchezoni. Ngoja utoke wa kurusha katikati ya uwanja, wape maji, kisha waanze kwa kurusha. Hapo umejiepusha na kudondosha kabisa.

Lini upulize tena

Refa anayepuliza kila mpira wa kurusha anakifanya kipenga chake kisisikike. Kipenga cha kuanzisha mchezo kinahitajika kwenye mpira wa katikati, kwenye penalti, kwenye frikiki ambayo umesogeza ukuta mita 9.15, na baada ya kadi, majeruhi au mabadiliko ya wachezaji. Kurusha, kona, mpira wa goli, kudondosha na frikiki nyingi havihitaji. Ukianza kuhesabu hatua za ukuta, mwonyeshe mpigaji kipenga ili ajue angoje; vinginevyo atapiga ukiwa umempa mgongo, na utakuwa na bao usilojua kama ulikubali. Ukishaanza kushughulikia kadi, mchezo hausogei hadi umalize.

Na kuna marekebisho ya 2019 ambayo mabeki wetu wengi hawajayasikia: mpira wa goli hauhitaji kutoka kisandukuni. Kipa akimgusia beki ndani ya kisanduku, mchezo umeanza. Wapinzani tu ndio wanaotakiwa kuwa nje ya kisanduku wakati unapigwa.

Ukikosea uamuzi, unaweza kuubadilisha maadamu mchezo haujaanza tena. Mpira ukishaingia mchezoni, au ukishamaliza kipindi na kutoka uwanjani, nafasi imepita. Ndiyo maana kabla ya kuruhusu pigo tazama washika vibendera wako, hata kama ni wa kujitolea. Ukisitisha mechi mapema kwa saa mbovu na mpira ulikuwa mchezoni, rudisha watu na udondoshe mara moja, kabla hawajavua viatu. Refa Janny Sikazwe wa Zambia alionja ubaya wa kuchelewa tarehe 12 Januari 2022 huko Limbe, Cameroon, Mali wakiongoza Tunisia 1-0 kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Alipuliza mwisho dakika ya 85, mchezo ukarejea, kisha akapuliza tena kabla ya dakika 90 kutimia. Waandaaji walipotaka timu zirudi kumalizia, muda ulikuwa umeshapita, na Tunisia wakakataa. Matokeo yakabaki vilevile. Baadaye ilielezwa kwamba joto lilikuwa limemlemea. Vaa saa mbili, na wewe pia unywe maji.

Mechi ikiwa saa kumi jioni, waite manahodha na makocha robo saa kabla. Waambie mambo manne: mpira wa kudondosha haugombaniwi, ndani ya kisanduku ni wa kipa, mpira wa goli unachezwa humo humo kisandukuni, na tangu msimu wa 2025/26 kipa akishika mpira zaidi ya sekunde nane wapinzani wanapewa kona, nawe utazihesabu tano za mwisho kwa vidole ukiwa umeinua mkono. Kitabu cha sheria IFAB hukitoa bure mtandaoni, na kuna programu yake ya simu. Kipakue ukiwa mahali penye mtandao mzuri, na usome Sheria ya 8 kabla ya Jumamosi.